Bi Xoan Anaidai Sura ya Dada Yake

Walinzi wa makumbusho walimjua Bi Xoan kwa kofia yake. Kofia ya majani, pana kama ungo, imekatika ukingo upande mmoja, na chini yake mwanamke mfupi aliyekaza taya. Wakimwona anashuka kwenye basi, mmoja humwambia mwenzake, "Haya, yule mama wa bata kaja. Leo zamu yako." Na mwenzake hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyuma ya jengo.

Hawakumsingizia. Bi Xoan aliuza bata hai katika soko la Rạm, mkoa wa Nghệ An, na mtu aliyezeeka akiuza bata hajui kusema kwa sauti ya chini. Bata wanapiga kelele, wateja wanapiga kelele, na mwenye mali asipowashinda wote atarudi nyumbani na tenga lake limejaa vilevile. Sauti hiyohiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye majumba yale ya kimya, yenye sakafu inayong'aa na vikombe vya bati ndani ya makabati ya kioo. Watoto wa shule waliopangwa mstari waligeuka wote kumtazama, na mwalimu wao akasahau alikuwa anasema nini.

"Mkubwa wa hapa ni nani?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Ukitaka kujua, mwanamke huyu alikuwa ameingia kwenye makumbusho mengi kuliko walimu wa historia wa wilaya nzima ukiwaweka pamoja. Makumbusho ya mikoa, ya wilaya, vyumba vya kumbukumbu vya vijiji ambavyo ufunguo wake anao mtu aliyekwenda shambani. Na yote aliyachukia. Aliyachukia makatambuga yaliyokatwa kwenye matairi, maganda ya mabomu yaliyopakwa rangi, jembe lililovunjika mpini na kupewa taa yake peke yake kama bibi arusi. "Makatambuga haya nimeyaona wilaya ya jirani," alimwambia msimamizi mmoja. "Yalikuja kwa miguu yenyewe, au?" Msimamizi akamweleza kwamba wakati ule kila mtu alivaa makatambuga. "Najua!" akamfokea. "Nilikuwa nayavaa mimi! Wewe ulikuwa bado unanyonya."

Sasa usidhani alikuwa kichaa. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa dada yake.

Dada yake aliitwa Thoa. Mwaka wa 1967, wakati wa vita vya Wamarekani, Thoa aliondoka nyumbani na vijana wa kujitolea kwenda kufukia mashimo ya mabomu kwenye barabara ya malori ya kuelekea kusini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, na Xoan alikuwa mtoto wa miaka kumi aliyemfuata mpaka kwenye kivuko akilia na kamasi. Thoa hakurudi. Kilichorudi ni habari ya mdomo kwamba kikosi chao kilipigwa. Kaburi hakuna, mfupa hakuna, na picha ndiyo kabisa, maana kupiga picha siku hizo kulikuwa mambo ya watu wa mjini.

Kwenye madhabahu ya nyumbani kwao walikuwepo babu na bibi, baadaye baba, kila mmoja na picha yake na siku yake ya mwaka ya kufukiziwa ubani na kuandaliwa chakula. Thoa hakuwekwa. Mama yao alikataa katakata. "Nimfukizie ubani mtoto ambaye labda yu hai? Mnamwitia kifo?" Mama akafariki na msimamo wake. Bi Xoan akaurithi, ila kwa namna yake. Yeye alijua dada yake amekufa. Alichokikataa ni kumweka pale bila uso.

"Jina kwenye karatasi ndiyo dada yangu?" alimwambia mumewe. "Siku nitakayopata uso wake, siku hiyo nitamlisha. Kabla ya hapo hapana."

Mumewe, Bwana Lực, mtu mpole aliyezoea kusema akiwa anaelekea mlangoni, alijaribu kusaidia. Alikwenda mjini kwa mchoraji mmoja wa wale wanaowachora marehemu kwa kuangalia nyuso za ndugu zao. Watu wengi wa kwetu waliopotelewa wametengenezewa sura hivyo, na wanashukuru. Mchoraji alimwangalia Bi Xoan katika picha ya arusi, akampunguza mashavu, akamsuka nywele, akamvisha kofia ya jeshi. Bwana Lực akaileta kazi ile imefungwa kwa kitambaa chekundu.

Bi Xoan aliifungua, akaitazama. "Huyu ni mimi nimevalishwa kofia!" akasema. "Unataka nijifukizie ubani mwenyewe, Lực? Umechoka kukaa na mimi?" Mchoro ule ulikwenda kufunikia tenga la bata, na hauzungumzwi tena nyumbani mwao.

Kisha siku moja chama cha wanawake cha kijiji kikaandaa safari. Hekaluni kuomba, chakula cha mchana, halafu makumbusho ya wilaya moja ya milimani kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na dereva hakutaka kushuka mlima kwenye utelezi. Wenzake walikwenda kutafuta choo. Bi Xoan akabaki anatembea peke yake katikati ya makabati, anapiga miayo, anakausha kofia. Alipoinua macho, dada yake alikuwa anamcheka.

Picha ilikuwa kubwa kama mlango. Msichana amesimama ukingoni mwa shimo la bomu, koleo begani, kichwa amegeuza upande, anacheka mpaka koo linaonekana. Ndewe ya sikio la kushoto imechanika. Ndewe ile ilichanwa na bata bukini wa jirani Thoa akiwa mdogo, na nyumbani kwao hakuna asiyekijua kisa hicho. Bi Xoan aliweka viganja vyake viwili juu ya picha.

"Mama, usiguse," mlinzi akasema.

"Nisiguse nini? Huyu nimelala naye kitanda kimoja!"

Ndipo alipotoka msimamizi, kijana wa miwani aitwaye Khiêm, mkarimu, sauti laini, mtu ambaye mpaka leo akisikia bata anashtuka. Chini ya picha kulikuwa na maneno: Binti wa wilaya yetu akifungua njia.

"Wilaya yenu ipi?" Bi Xoan akauliza. "Huyu ni wa Rạm. Anaitwa Thoa. Ni dada yangu, tumbo moja."

"Shangazi, nakuelewa," Khiêm akasema. "Lakini tunahitaji uthibitisho."

"Uthibitisho si huo hapo? Huoni sikio?"

"Masikio yaliyochanika ni mengi, shangazi."

Weee! Ilibidi wanachama wawili waache foleni ya choo waje wamshike. Kofia ilikuwa imekwisha kumpiga Khiêm kwenye miwani, na hapo ndipo ukingo wake ulipokatika. Hata hivyo kijana yule alimjibu vizuri. Alimwambia kwamba picha si ya kwao kwa asili. Waliinakili kutoka makumbusho mengine ya chini ya mlima, na kama alitaka, angemtolea nakala siku hiyohiyo aende nayo nyumbani.

Hapo mtu mwingine angesema asante. Angefika nyumbani akaipigilia fremu, akaandaa wali, akalia, mambo yakaisha. Bi Xoan si mtu mwingine. "Nichukue nakala, na huku mmebaki naye ukutani mnamwita binti yenu?" akasema. "Ana nyumba ngapi dada yangu? Futeni kwanza hayo maneno. Nikimwita nyumbani nataka ajue ni wapi anapoitwa." Akatoka mikono mitupu, amevimba kwa hasira.

Tangu siku hiyo msimu wa bata ukiisha alikuwa anapanda basi. Chini ya mlima aliikuta picha ileile: Binti wa mkoa wetu. Wakamwambia wao nao waliinakili kwa wengine. Akaenda kwa hao wengine. Mahali pamoja walikuwa wamempaka Thoa midomo nyekundu. Mahali pengine wamemkata wakabakiza kichwa na koleo. Kule pwani walikuwa wamemweka kwenye bango la mlangoni, mvua inamnyeshea, na chini yake tangazo la saa za kufungua. Bi Xoan aliling'oa bango lile kwa mikono yake. Polisi wa pale walimkalisha kwenye benchi mpaka Bwana Lực alipokuja na pikipiki kuomba radhi kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe alikataa.

Wala si kila mara alikuwa na haki, nisije nikakudanganya. Katika jumba moja la kaskazini alimvaa msimamizi kwa matusi kamili, mama yake na baba yake wote walipata fungu lao, halafu aliposogea karibu na picha akaona si Thoa. Ni msichana mwingine kabisa, ana masikio mazima. Unadhani alisema samahani? "Basi na huyu mrudisheni kwao," akasema, akaondoka.

Mzee mmoja wa makumbusho ya mkoa alimkalisha na chai, akamwambia ukweli mzima. "Dada, aliyepiga picha hii alikufa vitani, hakuandika jina la mtu wala la mahali. Tumenakiliana wenyewe kwa wenyewe. Na unajua kwa nini kila mtu anaitaka? Kwa sababu anacheka. Zile nyingine tulizo nazo hakuna anayecheka."

"Sasa kucheka kwake ndiyo kosa?" Bi Xoan akamjibu, akaimaliza chai, akaondoka vilevile.

Nyumbani Bwana Lực aliendelea kujaribu, karibu na mlango. "Mke wangu, ichukue nakala moja tu. Tuweke ubani kwanza, ugomvi utakuja baadaye. Dada anasubiri."

"Asubiri. Nikimleta nimlete mzima."

"Mimi naona wewe hutafuti dada," Bwana Lực akasema, mguu mmoja uko nje. "Unatafuta mtu wa kugombana naye." Bakuli lilimpita juu ya kichwa, lakini alikuwa keshafika uani.

Basi ikawa siku moja Khiêm akampigia simu. Yule kijana tangu apigwe kofia hakuwa na amani. Alikuwa anauliza kila alikopita, na sasa alikuwa amepata habari. Katika kijiji cha Khe Mít, bondeni nyuma ya mlima, chumba cha kumbukumbu kilikuwa na picha ileile, na hiyo ilikuwa na jina kamili. Iliandikwa Phan Thị Mận, shahidi aliyefia nchi.

"Mận ndiyo nani?" Bi Xoan akauliza.

"Msichana wa hapo. Alikwenda barabara hiyohiyo, hakurudi naye. Hakuwa na picha. Watu wa wilaya walipoipata hii wakadhani ni yeye, wakampelekea mama yake nakala kubwa, kwa ngoma na maua. Iko kwenye madhabahu ya nyumba yake. Shangazi, upo? Shangazi?"

Bi Xoan alikuwa amekaa juu ya tenga, bata wanalia chini yake. Kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Kwa hiyo kuna watu wanamfukizia ubani dada yangu kwa jina la mtu mwingine."

"Shangazi, bibi mwenyewe ni mzee sana. Na kesho ndiyo siku ya kumbukumbu ya marehemu, ukoo mzima utakuwepo. Nenda siku nyingine, nakuomba. Nitakwenda na wewe."

"Siku nyingine watakuwa wamekwisha kumgeuza awe nani?" akasema, akakata simu.

Asubuhi alivaa blauzi yake ya kwendea arusi za watu, ile ya hariri ya kahawia, akapanda basi la kwanza. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Abiria wa pembeni alimwona anatikisa kidole hewani, akahama kiti.

Khe Mít hakuhitaji kuuliza. Kelele za visu vya kukatia nyama zilimpeleka. Uani mikeka imetandikwa, wanawake wamechutama wanapanga mabakuli, harufu ya nguruwe na mchuzi wa samaki imetanda. Mwanamume mnene mwenye taulo begani alimkimbilia kwa heshima. Huyo alikuwa Sửu, mpwa wa bibi mwenye nyumba, na ndiye aliyekuwa anasimamia karamu.

"Karibu, shangazi, karibu. Umetoka upande gani wa ukoo?"

"Upande wa picha," Bi Xoan akasema, akampita.

Aliingia ndani moja kwa moja na viatu vyake. Madhabahu ilikuwa juu, imejaa matunda na maua, moshi wa ubani unapanda, na katikati, ndani ya fremu ya dhahabu iliyofutwa vumbi vizuri, Thoa anacheka na koleo lake. Bi Xoan alivua kofia, akainyooshea kidole.

"Yule siye Mận wenu," akasema kwa sauti ile ya sokoni, na uani visu vikanyamaza. "Yule ni Thoa, dada yangu, mtoto wa Rạm. Mnakula nguruwe kwa mgongo wa dada yangu. Nimekuja kumchukua."

Loo! Wanawake wakaingia na mikono yenye mafuta. Sửu akafika anahema. "Mama, wewe una wazimu? Leo ni siku ya marehemu!"

"Marehemu wa nani? Hebu mtazame sikio! Bata bukini wa jirani yetu alilichana, wa kwenu lini?"

"Picha hii imeletwa na serikali! Kwa ngoma! Mimi mwenyewe nilibeba fremu!"

"Basi utaibeba tena kuishusha. Mwizi mkubwa wewe, na tumbo lako!"

"Mwizi?" Sửu akamshika mkono. Bi Xoan akamkanyaga. Mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba mgeni anapigana mbele ya madhabahu, mwingine akamvuta Bi Xoan blauzi, hariri ikachanika begani, na hapo mambo yalikuwa yanaelekea kubaya kabisa.

"Nyamazeni!"

Sauti ilitoka pembeni, kwenye kitanda cha mbao. Pale alikuwa amekaa ajuza mdogo kama mtoto, mdomo mwekundu kwa tambuu, kopo la kutemea liko mapajani. Huyo ndiye Bibi Nuôi, mama yake Mận. Kijijini hakuna aliyempenda sana. Alikuwa na ulimi wa kuchoma na hakuwahi kukisifu chakula cha mtu.

"Nani huyo anayelia kama bata nyumbani mwangu?"

"Mimi. Nauza bata, ndiyo kazi yangu," Bi Xoan akasema. "Na wewe umekaa na dada yangu madhabahuni miaka yote hii."

"Nasikia. Si umepayuka mpaka nguruwe aliyechinjwa kasikia? Sogea hapa nikuone." Akamtazama kutoka juu mpaka chini, akatema. "Sura mbaya. Yule ni mzuri. Kweli ni ndugu yako?"

"Bibi, usimjibu," Sửu akasema. "Tunamtoa sasa hivi."

"Wewe nyamaza, wewe na fremu yako. Mnadhani mimi kipofu? Mimi nimemzaa Mận. Meno yake ya mbele yalipandana, tangu utotoni akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa mkono. Huyo pale anacheka mpaka unaweza kumhesabu meno ya nyuma." Akarudisha tambuu shavu la pili. "Si mwanangu. Nililijua hilo siku mliyomleta."

Sửu akashusha taulo begani. "Bibi, na hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa unashangilia maua."

Bi Xoan akadakia kwa hasira kuliko ya mwanzo, maana alikuwa amejiandaa kupigana na watu waliokosea, siyo na mtu aliyejua. "Ulijua! Ulijua na ukanyamaza, ukamweka hapo umwite mwanao! Hukuwa na haki hiyo! Dada yangu ana kwao!"

"Nani kasema nilimwita mwanangu? Nilitaka kumshusha kesho yake. Nimekaa hapa, namtazama, nasema, mtoto huyu naye ana mama mahali. Mama huyo hana picha, kwa sababu picha iko hapa. Sasa nani anampa wali? Nikamwacha. Nikaongeza bakuli. Hebu tazama wewe mwenyewe, macho si unayo?"

Bi Xoan akatazama. Mbele ya fremu kulikuwa na mabakuli mawili ya wali wa kunata, jozi mbili za vijiti vya kulia, vikombe viwili vya pombe, vipande viwili vya nyama vilivyokatwa sawa. Moja lilikuwa limewekwa mbele ya picha. La pili lilikuwa pembeni, mbele ya mahali patupu, na hilo ndilo lilikuwa la Mận.

"Kila mwaka," Bibi Nuôi akasema. "Mwaka wa mafuriko tulikuwa na mihogo tu, na mihogo nilimpa. Sijui siku aliyokufa, nikamchanganya na siku ya wangu. Sijui anapenda nini. Labda hapendi nguruwe, nitajuaje?"

"Ungenitafuta," Bi Xoan akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nikutafute wapi, mimi ambaye sijawahi kuvuka bonde hili? Wewe ndiye mwenye miguu. Yule kijana wa miwani alipita hapa, akanisimulia habari zako zote. Umezunguka nchi nzima, umetukana kila mlinzi, umeng'oa bango. Sawa. Haya niambie, wewe mwenye kwao. Huko kwenu anakula wapi?"

Bi Xoan akaigeuzageuza kofia mikononi.

"Nakuuliza. Bakuli lake liko wapi nyumbani kwako?"

"Nilikuwa nasubiri," Bi Xoan akasema. "Nilikuwa nataka nimpate kwanza, nimpate sawasawa, aitwe kwa jina lake kila mahali, halafu ndiyo..."

"Ulikuwa unasubiri. Na njaa yake nayo ilikuwa inakusubiri?"

Yule mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kumwambia polisi, msimamizi wala mumewe, alisimama katikati ya chumba na kofia mkononi na bega limechanika, na hakuna neno lililotoka. Aliona aibu. Aliona aibu mbele ya wanawake wenye mafuta mikononi na mbele ya Sửu, na zaidi mbele ya ule uso unaocheka, mpaka akashindwa kuutazama.

"Ichukue picha yako," Bibi Nuôi akasema. "Sikuzuii, na sikupendi. Bakuli lake naliacha palepale, maana njia ya kuja hapa ameizoea. Ila kabla hujaondoka nijibu jambo moja, na ujibu bila kupayuka. Anaitwa nani? Yule kijana hakunitajia, na wewe umelitaja ukiingia, lakini masikio yangu yalijaa kelele zako. Miaka yote mimi namwita 'wewe mwenzake'. Namwambia, Mận, kula, na wewe mwenzake, kula. Si adabu kumwita mtu hivyo mezani."

"Thoa," Bi Xoan akasema.

"Sema vizuri."

"Thoa. Anaitwa Thoa."

"Thoa," ajuza akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akamwamuru Sửu amnyanyue. Sửu akambeba mpaka mbele ya madhabahu. Akawasha vijiti vya ubani, akaviinua kwa mikono miwili hadi kwenye paji la uso, akasema kwa sauti ileile ya kukemea:

"Thoa, mwanangu, mdogo wako huyu hapa kafika. Kachelewa, mdomo wake mchafu, kaja karamuni mikono mitupu na bata anao. Usimwonee haya. Leo umeitwa jina lako. Kula."

Kisha akamnyooshea Bi Xoan kijiti kimoja. Bi Xoan alikipokea, kikamdondoka. Sửu, bado amekunja uso, akakiokota chini, akakipuliza kikawaka, akamshikisha tena.